Meno Saba Kwenda, Meno Saba Kurudi

Mwaka ule nilikuwa na gari ambalo kila mtu Kikima alikuwa na la kusema juu yake. Lilikuwa dogo, mgongo wa duara, injini nyuma, na nililinunua kwa nesi aliyekuwa akihama. Upande wa nyuma lilikuwa limeketi chini kama kuku anayetaga. Wanaume wa pale nje ya duka la mbolea waliniuliza kila nikipita nimebeba nini, na gari lilikuwa tupu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na sina subira na mtu anayeuliza swali ambalo si swali. Lakini Agosti ile hata mimi nilikubali kwamba gari linahitaji kuinuliwa. Nilikuwa nimejaribu kumpeleka mama yangu Kyuso kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu utotoni, na ambaye sasa alikuwa amepoteza macho. Hawakuwa wameonana kwa miaka tisa. Mama alikuwa amevunjika nyonga na basi hakuliweza; garini mwangu aliketi nyuma, mguu ameunyoosha kitini. Tukafika kwenye mto wa mchanga ulio kabla ya Kyuso, unaovukwa juu ya miamba, na hapo tumbo la gari likakalia jiwe. Wachunga mbuzi walitusukuma turudi tulikotoka. Tulipofika mjini Mwingi nililia, kwa hasira.

Shule zingefunguliwa baada ya wiki mbili. Likizo iliyofuata ilikuwa ya Desemba, na Desemba mto huo huwa umejaa. Mama mkubwa alikuwa mzee sana. Sikuhitaji mtu wa kunifanyia hesabu hiyo.

Fundi wa sokoni alichungulia chini ya gari, akasimama akijifuta magoti. "Madam, hii ni kazi ya Nairobi," akasema. "Springi za hii gari si za kuguswa-guswa."

Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, aliniandikia kwamba nisiguse chochote mpaka aje Krismasi. Barua ile niliisoma mara moja, nikaikunja, nikavaa ovaroli yake.

Nesi alikuwa ameniachia kitabu cha gari, kurasa zimelowa mafuta. Nilikisoma siku tatu. Gari lile halikuwa na springi za majani, yale mabamba ya chuma yaliyopangana, kama za pikapu. Kila gurudumu la nyuma lilibebwa na chuma kirefu kilicholala ndani ya bomba, kinachobeba uzito kwa kusokotwa. Chuma hicho kilikuwa na meno miisho yote miwili: arobaini kwa ndani, arobaini na manne kwa nje. Ukikisogeza jino moja kwa ndani kwenda mbele, kisha mkono wa chuma unaoshika gurudumu ukaurudisha jino moja kwa nje, inabaki tofauti ndogo sana, na hiyo tofauti ndiyo inayoinua gari. Nilipiga hesabu. Nilihitaji saba kwenda na saba kurudi.

Jumatatu asubuhi nilipiga jeki, nikaliweka gari juu ya magogo, nikatoa gurudumu la kushoto. Mama aliketi barazani akisuka kiondo, mgongo ameuelekeza kwangu, kama mtu asiyetaka kushuhudia ajali. Nilipoutoa ule mkono wa chuma kwenye kizuizi chake kwa mtaimbo, ulishuka kwa mshindo uliotawanya kuku hadi kwa jirani.

"Uko mzima?" mama akauliza bila kugeuka.

"Niko mzima, mwaitu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kikamba.

Nilifanya kila kitu kama kitabu kilivyosema. Jioni nikarudisha gurudumu, nikashusha jeki, nikapima kwa kamba ya mkonge niliyoipiga fundo asubuhi kwenye kimo cha gari. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka vidole viwili zaidi. Nilipima tena. Nilikipiga kitabu teke. Niliona aibu, na nilichoka, na nilimwona mama yangu akizeeka pale barazani huku dada yake akimsubiri gizani.

Asubuhi yake mama akaniita. "Hebu nionyeshe vile ulihesabu."

Nikamwonyesha kwa kidole kwenye kiondo chake. Meno ya nje niliyahesabu kadiri ule mkono wa chuma ulivyosogea, hatua kwa hatua, zikawa saba. Yale ya ndani nilitia alama ya chaki kwenye jino la kuanzia, kisha nikahesabu: moja, mbili, tatu, hadi saba.

"Hiyo ya chaki ndiyo uliita moja?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ulienda sita." Akaweka kiondo chini. "Uzi wa kuanzia hauhesabiwi. Hapo ndipo umesimama, bado hujatembea."

Sita kwenda, saba kurudi. Nilikuwa nimelishusha gari kwa mikono yangu mwenyewe. Na nilikuwa nikifundisha hesabu darasa la saba.

Tukasogeza kiti chake hadi kwenye gurudumu. Mimi nilisogeza chuma, yeye akahesabu kwa sauti, kwa Kikamba, kama anavyohesabu nyuzi, na kila hatua aligonga bati la gari kwa kidole. Kushoto tulimaliza kabla ya chakula cha mchana, kulia alasiri. Niliposhusha jeki, ile kamba ikaonyesha vidole vinne juu ya fundo, kushoto na kulia sawasawa. Nilipiga kelele hadi jirani akatoka na kijiko mkononi.

Nililipitisha mbele ya duka la mbolea mara mbili, bila haja yoyote. Fundi wa sokoni aliinama akatazama, akaniuliza nililipeleka kwa nani. Nikamwambia kwa mama yangu.

Alhamisi tulikuwa mtoni. Niliingia juu ya ile miamba polepole, nimeuma mdomo, nikisubiri ule mkwaruzo. Haukuja. Tulipopanda ukingo wa pili nilipiga honi mpaka mbuzi wakakimbia, na mama, ambaye hachekicheki ovyo, alicheka hadi akashika nyonga.

Mama mkubwa alikuwa nje, anasuka kwa kupapasa. Alimshika mdogo wake uso, mabega, mikono, kwa muda mrefu. Kisha akauliza tumevukaje mto.

"Binti yangu aliinua gari," mama akasema. "Mimi nilihesabu. Saba kwenda, saba kurudi."

Mama mkubwa akafikiri kidogo. "Na ule wa kuanzia?"

"Sikuuhesabu, dada."

"Vizuri," akasema, bado amemshika mkono. "Kumbe ulinisikia."