Niliposhuka Masasi Kupeleka Ritani ya Kodi

Mimi ni Mtaita wa Voi, fundi wa pampu za maji. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kampuni za watu binafsi zikaanza kuingia kusini mwa Tanzania, mojawapo ilinichukua kufunga pampu Newala. Mgeni mkazi hutakiwa kila mwaka kupeleka ritani ya kodi, ataje mapato yake yote, ya ugenini na ya kwao. Bila hiyo kibali changu cha kuishi kisingeongezwa muda. Nilikuwa nimebakiza siku mbili.

Alfajiri Newala ilikuwa imezama ukunguni. Mama Somoe, mwenye nyumba niliyopanga, alinifungia mihogo ya kuchemsha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Baba Mwakio. Mbona hizo karatasi umezikumbatia kama mtoto mchanga?”

Nilitabasamu tu. Mstari mmoja wa fomu ulikuwa umenishinda: nyumba aliyoniachia marehemu mama kule Voi. Pango lake alilipokea kaka yangu, Mghanga. Tangu mazishi, miaka mitatu, hatukuwa tumesemezana. Niliamini anakula peke yake.

Lori la makopa, ile mihogo mikavu, nililopanda lilishuka mteremko taratibu. Ukungu ukabaki juu yetu, bonde likafunguka. Karibu na Chiungutwa maua ya mikorosho yalinukia hata nikasinzia, nikamwona mama akifagia uwanja kando ya barabara, kana kwamba Voi yote imehamia huku. Nilipofumbua macho ilikuwa mikorosho mitupu.

Saa nne tulifika Masasi, chini ya vilima vyake vya mawe. Kwenye ofisi ya kodi, karani, mama wa makamo, alipitisha kidole juu ya fomu.

“Nyumba hii ya Voi ina wapangaji?”

Ningesema haina, nani angejua?

“Inao. Lakini hesabu yake anayo kaka yangu, nasi hatusemezani.”

Aliweka kalamu chini. “Baba, humu hakuna mahali pa kuandika ugomvi. Nenda posta ukampigie. Nitakungoja kesho.”

Posta nilisubiri laini hadi alasiri. Mghanga alipokea kazini kwake, stesheni ya reli.

“Ni mimi. Nataka hesabu ya nyumba ya mama.”

“Unataka kuiuza?”

“La. Natakiwa kuitaja kwenye ritani huku.”

“Ya huku naipeleka kila mwaka kwa jina lako. Risiti zote ninazo.”

“Na pango?”

“Nimelijengea tangi la maji. Mama alichota maji mbali hadi akafa, na sisi tuna fundi wa maji nyumbani. Ilinitia haya.”

Nilichukua kalamu. Yeye akaanza kunisomea tarakimu polepole, na sauti yake ilikuwa ya mama kabisa.

Kesho yake karani alijaza ule mstari, akagonga muhuri. “Risiti zitafuata kwa posta,” alisema. “Msalimie kaka.”

Jioni nilipanda tena hadi uwanda wa juu wa Newala, upepo ukizidi baridi kila kona. Kibali nilikipata. Lakini nilichojifunza ni hiki: kuuliza kulinichukua nusu siku posta Masasi, kunyamaza kulikuwa kumenichukulia ndugu miaka mitatu. Likizo iliyofuata nilikwenda Voi, na Mghanga alikuwa ananingoja stesheni.