Tonge la Msibani

Nilipaswa kumwambia shangazi hapana. Badala yake nilimwambia, "Atakula. Nitamleta mwenyewe."

Ilikuwa siku ya kuanua matanga ya kaka yangu, hapa Songambele. Kaka alikufa ghafla, na kwetu kifo cha ghafla hakikosi mtu wa kunong'ona sumu. Siku zote za msiba mke wangu hakugusa chakula cha pale. Alijibebea ndizi zake kwenye bakuli lenye mfuniko, zimepikwa zikalainika na kupondwa, bila maharage. Utumbo wake mpana ulikuwa na vidonda. Daktari wa Bukoba alitueleza nikiwa nimeketi kando ya mke wangu: ugonjwa huu hauponi, hutulizwa tu, na kwa wakati ule maharage na pombe aviache kabisa.

Ndugu zangu hawakuyajua hayo. Tulificha, maana nani ataeleza habari za choo mbele ya wakwe? Waliona tu mwanamke anayekwepa chakula chao na kupotelea nyuma ya migomba kila mara.

"Wifi, huko chooni umeficha asali?" dada yangu alimuuliza, na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakacheka. Mke wangu naye alicheka. Nilisikia, nikaendelea kupasua kuni.

Ndipo shangazi, mkubwa wa ukoo, aliponiita pembeni.

"Mwanangu, anayekataa chakula cha msiba anatuambia nini? Kwamba sisi ndio tuliomlisha kaka yako sumu?"

"Anaumwa tumbo tu, shangazi."

"Nani hana tumbo? Au siku hizi nyumbani kwako msemaji ni yeye?"

Hilo la mwisho lilinichoma kuliko la sumu. Nikampa lile jibu.

Nilimfuata mke wangu jikoni. "Kidogo tu, watu waone."

"Unajua nitakavyokuwa."

"Kidogo tu, mama."

Aliketi kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, mbele ya jani la mgomba lenye ndizi na maharage, akamega, akala. Shangazi alionja rubisi kwanza, kama ilivyo desturi ya kumtoa mtu shaka, kisha akampa kibuyu. Pombe ile ya ndizi ilikuwa kali. Akanywa. Watu wakapiga makofi, nami nikajiona mwanamume.

Kufika alfajiri alikuwa anatoka damu. Nilimpakia kwenye bodaboda, nikakaa nyuma yake nikimshikilia. Hospitalini walikuta utumbo umetoboka, wakaukata wote ule mpana. Tangu hapo choo chake hutokea ubavuni mwa tumbo, kwenye mfuko. Alipozinduka aliniambia jambo moja tu: "Ulikuwepo daktari aliposema."

Shangazi alipopata habari alilia sana. "Ungesema tu, mwanangu," alisema. "Ningemsongea ndizi laini kwa mikono yangu."

Mke wangu alipotoka hospitali alikwenda kwa binti yetu anayeishi Murongo, na hakurudi. Nikienda kumwona hunikaribisha vizuri, kama mgeni, akaniwekea chakula, kisha akaondoka. Yeye hali tena mbele yangu.

Nilishindwa kusema neno moja mbele ya ndugu zangu. Mke wangu akapoteza utumbo wake, nami nikampoteza yeye. Sasa napika mwenyewe, na nakula peke yangu.