Sista Plasta na Mtihani wa Mshipa

Watoto wa wodi hawakumjua kwa jina lingine. Sista Plasta. Hata mkuu wa wodi, mama mkavu asiyecheka ovyo, siku moja lilimponyoka mbele ya madaktari, na tangu hapo likawa ndilo jina.

Jina lilitokana na mikono yake. Kabla ya kumtundikia mtoto dripu, alikuwa anachana plasta kwa vidole, vipande vyembamba vilivyolingana, na kuvibandika kwenye chuma cha kitanda, vikaning'inia pale kama nguo kwenye kamba. Ndipo atafute mshipa. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia alijifunzia kazi kwenye wodi yenye wagonjwa tele na muuguzi mmoja, na huyo mmoja ndiye yeye. Mkono wa kushoto umeshika mtoto, wa kulia umeshika sindano. Sasa plasta utaichana na nini, na pua? Kipande kinachobaki alikichora macho na mdomo kwa kalamu, akambandika mtoto kifuani, na mtoto aliyekuwa anajinyonganyonga kwa kilio akanyamaza ghafla, akitazama plasta inayomtazama.

Na mshipa wa mtoto mchanga ni kitu cha ajabu. Ni mwembamba kuliko uzi wa cherehani, unajificha chini ya ngozi, na mtoto akiwa ameharisha sana unakunjamana na kupotea kabisa. Sista Plasta alikuwa anaupapasa huku amefumba macho. Alisema macho yanadanganya, kidole hakidanganyi.

Kisha uongozi ukaleta sheria mpya: muuguzi mwenye cheti tu hatabaki wodi ya watoto. Anayetaka kubaki arudi chuoni apate stashahada. Asiyepata atashushwa chumba cha chini, cha kuchemshia vifaa, kule mikasi na trei zinakoingia zikiwa chafu na kutoka zikiwa za moto. Huko hakuna mgonjwa hata wa kusingizia.

Akajiandikisha. Asubuhi zamu, mchana darasani, na katikati hakuna hata nafasi ya kuvua viatu. Wanafunzi wenzake walikuwa rika la kifungua mimba wake. Walimwita Bibi, kwa mapenzi na kwa uchokozi vilevile. Kijana mmoja alimuuliza kama enzi zake dripu zilikuwa zimeshavumbuliwa. Akajibu zilikuwepo, ila mgonjwa alikuwa anakuja na maji yake mwenyewe kutoka kisimani. Darasa zima likaangua kicheko, na Bibi akapata kiti cha mbele tangu siku ile. Hata hivyo mara nyingi alisinzia kwenye kiti hichohicho, kalamu mkononi, mstari wa wino ukiteremka peke yake hadi chini ya ukurasa.

Mtihani wa kuandika aliupita kwa tabu. Wa vitendo ndio uliomwangusha. Mtahini, mama mrefu mwenye miwani ya kamba shingoni, alimtazama akibandika vipande vyake kitandani, akasimamisha kazi. Hakumkaripia. Alimuuliza tu kile chuma kinashikwa na nani. Sista Plasta akaanza kujibu, na kadiri alivyojibu ndivyo sauti ilivyozidi kufifia: akina mama wanaanika nepi hapo, wageni wanakishika, watoto wanakilamba. Mtahini akasema, basi hayo yote unambandikia mtoto penye tundu la sindano.

Aliporudi nyumbani siku ile hakula. Alikuwa anamkumbuka mtoto mmoja aliyevimba mkono mpaka ukawa mwekundu unang'aa, palepale plasta ilipokuwa. Walimlaumu mama yake kwamba aliulowesha mkono. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsema yule mama kwa ukali, mbele za watu, na yule mama akaomba radhi.

Chuo kilimpa nafasi ya kurudia, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Nyumbani pakageuka wodi. Mto wa kulalia ukawa mtoto, sahani ikawa trei, ukingo wa meza ukawa chuma cha kitanda, na mumewe, fundi cherehani, akatoa mkasi wake mzuri kwa shingo upande. Binti yao wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa mtahini. Alifunga uzi kwenye miwani ya jua, akakaa na rula mkononi. Sheria ilikuwa nyepesi: plasta inakatwa kwa mkasi, inakaa kwenye sahani. Mkono ukienda ukingoni mwa meza, rula inashuka.

Rula ilishuka sana. Plasta zilionekana kwenye kiti, kwenye mlango, kwenye birika. Siku moja baba watoto alishinda dukani na vipande vitatu mgongoni, wateja wakidhani ndiyo mtindo mpya wa kushona. Walicheka wote jioni ile. Lakini baadaye binti alimkuta mama yake jikoni amesimama mbele ya sufuria tupu, machozi yanamtiririka.

"Rula imekuumiza, mama?"

"Rula haina neno," alisema. "Ni huu mkono, mwanangu. Nauambia hivi, wenyewe unafanya vile. Kama si wangu."

Binti akaiweka rula kabatini. Kesho yake mama mtu akaitoa mwenyewe, akampa.

Kulikuwa na jambo ambalo wanafunzi wote walilijua. Katika mtihani ule mtahini haruhusiwi kumgusa mgonjwa, anatazama na kuandika tu. Akivaa glovu, maana yake umeshaanguka, na sasa anamwokoa mgonjwa mikononi mwako. Kwa hiyo hawakutakiana heri. Waliambiana, nenda, usione glovu.

Siku ilipofika, mtihani ulikuwa wodini kwake mwenyewe, kitanda cha dirishani. Mtoto alikuwa ameharisha tangu juzi, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Mama yake alimshika miguu. Mtahini alikuwa yuleyule wa miwani ya kamba.

Sista Plasta alinawa mikono kama kitabu kinavyotaka, katikati ya vidole, mpaka kwenye vifundo vya mikono. Akajitambulisha kwa mama mtoto, ambaye alimwangalia kwa mshangao maana walikuwa wanafahamiana tangu jana. Akakata plasta kwa mkasi. Akaiweka kwenye trei. Akakipita kile chuma cha kitanda kama mtu anayempita mdai njiani, bila kukitupia jicho. Mtahini akaandika kitu, na kilionekana ni kizuri.

Akaupata mshipa. Sindano ikaingia, damu ikachungulia, kisha ngozi ikatuna ghafla. Mshipa umepasuka. Hilo si kosa, hutokea kwa kila mtu, na kitabu kinaruhusu kujaribu mkono wa pili. Akachomoa, akaweka pamba, akaifunga kwa vile vipande vya plasta alivyokuwa amevitayarisha. Vikaisha.

Kilio cha mtoto kikaanza kupungua. Wauguzi wanajua kwamba kelele si mbaya, kibaya ni kunyamaza namna ile. Sista Plasta akahamia mkono wa pili, akafumba macho, akapapasa. Mtihani ulimtoka kichwani wote. Palibaki kidole na uzi ule chini ya ngozi. Akaupata. Sindano ikaingia, damu ikaja, ikatulia. Akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuchukua plasta.

Trei ilikuwa tupu. Plasta ilikuwa kwenye chuma cha kitanda. Kipande kimoja, kimechanwa vizuri, kinaning'inia. Hakukumbuka kukichana.

Akamtazama mtahini. Ameinama, anaandika. Mama mtoto macho yote kwa mwanawe. Hakuna aliyeona. Kidole chake kilikuwa kimeshaigusa ile plasta, kuibandua tu na kazi imekwisha, stashahada imepatikana, watoto wote wa wodi hii ni wake mpaka atakapostaafu. Kile kiganja kidogo kilikuwa ndani ya kiganja chake, chepesi, hakina hata nguvu ya kujivuta.

"Naomba plasta nyingine," alisema. "Hii niliibandika kitandani."

Mama mtoto akainua kichwa. "Nikuchanie kwa meno, Sista?"

Siku nyingine angecheka. Alitikisa kichwa tu, mikono yote miwili imeshika, hawezi kuachia. Mtahini akasimamisha kalamu. Alikaa hivyo kidogo, kama anayetafuta sheria nyingine na haioni. Kisha akaiacha miwani ianguke kifuani, akanawa, akafungua pakiti, na akavaa glovu.

Wakaifunga ile dripu pamoja, mmoja akishika, mwingine akibandika, vichwa vyao vikikaribia kugusana. Maji yakaanza kudondoka.

"Nilikuwa nimeinama," mtahini alisema kwa sauti ya chini.

"Najua," alisema Sista Plasta. "Kuna mtoto alivimba mkono."

Alibandua kile kipande kitandani, akakitupa kwenye pipa. Nje, binti yake alikuwa anasubiri na rula imechungulia kwenye mkoba wa shule. Akautazama uso wa mama yake, akaisukuma ndani na kufunga zipu.

Siku hizi yuko chumba cha chini. Kuna moto, mvuke unapofusha, na trei zinapita kwenye kidirisha bila mtu wa kumsalimia. Zile za wodi ya watoto anazifunga mwenyewe: pamba, mkasi, na ndani ya karatasi safi vipande vya plasta vilivyokatwa tayari. Mkono haukosei tena hata mara moja.

Wodi iko juu ya kichwa chake. Mashine zikizimwa, kilio hushuka kupitia bomba la mvuke, na yeye anaacha anachofanya na kusikiliza. Anakijua kila kimoja: huyu ana njaa, huyu anaogopa koti la daktari. Wakati mwingine kilio kinaanza kupungua, namna ile. Hapo anajikuta amesimama katikati ya chumba, macho ameyafumba, kidole kinapapasa hewani.

Kisha mtu anagonga kidirisha, anataka mikasi.