Windows 10 yangu imefika mwisho, lakini ndani yake kuna akaunti ya mke wangu

Wakuu, salaam kutoka Mtwara kuchele.

Ninayoyaandika yamenikuta mwenyewe. Kuna sehemu hazinipendezeshi hata kidogo, kwa hiyo mjue sijayapamba.

Kwanza mnijue. Nina diploma ya IT. Niliisoma Dar huku nabeba zege ili nijilipie ada, hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono. Nikaenda Pemba, ile ya Msumbiji, nikatengeneza kompyuta za watu miaka tisa. Nimerudi. Nina ofisi mjini, nina nyumba Mtawanya ya vyumba vinne, vigae mpaka barazani. Mashine ikigoma mtaani kwetu, jina linalotajwa ni langu.

Sijisifu, naeleza hali ilivyo.

Sasa shida ilianza na laptop yangu mwenyewe.

Ni ya siku nyingi, niliinunua kule kule Pemba. Ina Windows 10. Mnajua kwamba updates za bure zimefika mwisho, na mashine haichoki kukukumbusha. Za wateja nimeshazihamisha karibu zote. Yangu ikabaki.

Kuna mwalimu mmoja, mtu wa Musoma, alikuja kuchukua mashine yake akaona ule ujumbe kwenye kioo changu.

"Fundi, sisi umetupeleka kumi na moja, wewe mwenyewe umebaki kumi?"

Nikamwambia nina sababu za kitaalamu.

"Haya. Kinyozi hajinyoi," akasema, akaondoka anacheka.

Sababu ya kitaalamu ilikuwepo. Prosesa yangu haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Njia za kuzunguka nazijua, msinifundishe. Lakini disk nayo imechoka, hivyo nilitaka kufunga SSD mpya na kuanza upya, safi kabisa.

Hapo ndipo mkono uliponigoma.

Ukiwasha ile laptop yanakuja majina mawili. La kwanza langu. Chini yake Atija, na picha ya bibo jekundu, lile tunda la mkorosho, aliyoiweka mwenyewe.

Atija ni mke wangu. Nilimuoa Pemba. Ana miezi minane yuko Kilambo kwa mama yake, kule mpakani mtoni. Aliaga kwamba anakwenda kumwangalia mama. Mama haumwi.

Nyumba ya vyumba vinne, wakuu, natumia kimoja. Wali nikipika unabaki, nikipunguza unaungua. Ijumaa nikitoka msikitini naulizwa, "Shemeji hajambo?" Nasema hajambo. Asubuhi nawasha laptop, naona majina mawili, nabonyeza langu. Mtu mzima na diploma yangu, nilikuwa naona kama watu wawili bado wanaishi humo.

Nikifunga disk mpya, jina linabaki moja.

Najua mtakachosema. Boot kwa flashi, vuta mafaili yake, password ya nini. Kazi hiyo naifanya nimefumba macho. Lakini mimi ofisini kwangu folda ya mtu siigusi bila ruhusa yake, hata akiwa ndugu yangu. Kujua kufungua mlango si ruhusa ya kuingia.

Nikampigia. Miezi minane sikuwa nimempigia, nilikuwa nangoja aanze yeye.

"Atija, nataka ku-upgrade ile laptop. Nipe password yako nikuhamishie vitu vyako."

"Umepiga kwa ajili ya kompyuta?"

Wakuu, hapa ndipo nilipoharibu. Nikajibu, "Ndiyo."

"Password haitolewi kwenye simu," akasema. "Hata kwa mume. Ulinifundisha wewe."

Akakata.

Nilikasirika kama wiki mbili. Kisha Jumapili moja nikaifunga laptop kwenye begi, nikapanda bodaboda mpaka Kilambo.

Nilimkuta anauza chai na vitumbua mbele ya nyumba ya mama yake, karibu na wanaposhukia abiria wa mtoni. Akanitazama juu mpaka chini.

"Umekonda, Fundi."

"Kazi nyingi."

"Kazi, au mikate mitupu?"

Mama yake akacheka huko ndani. Hakutoka kunisalimia. Nilipiga hodi, akaitikia shikamoo yangu akiwa ndani, basi.

Nikaiweka laptop juu ya meza ya chai. Atija akafuta mikono kwa kanga, akaivuta.

"Geuka," akasema.

Ndivyo ninavyofanya mteja akiandika password, nageuza uso. Hilo nalo nilimfundisha mimi. Nikatazama mto. Maji yalikuwa yamekupwa, mitumbwi imelala kwenye tope.

"Sasa geuka huku."

Alikuwa amefungua folda ya picha. Wakuu, ni nyumba yangu. Msingi. Matofali yamepangwa, na karatasi aliyoandika hesabu yake kwa mkono. Lenta. Kenchi. Bati la kwanza. Kumbe picha alizokuwa ananitumia Pemba ili nione kazi inavyokwenda, zote alizihamishia humo niliporudi na laptop, na nyingine nyingi ambazo hakunitumia.

Kwa sababu mimi nilikuwa Pemba na yeye ndiye aliyetangulia Mtawanya. Pampu ya kisima ilipokufa, alibeba maji ya zege kichwani. Saruji alilala nayo ndani ya kuta zisizo na paa, isiibiwe. Mpiga picha alikuwa yeye, kwa hiyo hayumo hata moja. Nilichoona ni kivuli chake tu juu ya mchanga, mkono umeinuliwa na simu.

Nikakumbuka siku ya dua ya kufungua nyumba. Tulialika mtaa mzima, pilau likapikwa. Nikasimama nikashukuru, nikasema mbele ya watu wote, "Nyumba hii nimejenga peke yangu, kwa jasho langu, sijasaidiwa na mtu." Watu wakanipigia makofi. Atija alikuwa nyuma na akina mama kwenye masufuria. Dirisha lilikuwa wazi.

Siku ya tatu akaenda kumwangalia mama.

Na mimi miezi minane najiuliza nimekosa nini.

Alichomeka flashi yake, akahamisha ile folda yote. Kisha akafanya kitu sikukitegemea: akaniamuru niandike password yangu ya admin, akageuka pembeni nilipoiandika, halafu akaifuta akaunti yake mwenyewe. Hatua zote alizijua. Alikuwa mwanafunzi wangu.

"Haya," akasema. "Sasa ni yako peke yako, kama ulivyosema."

Nikamwambia, "Nipe basi nakala ya picha."

Akaifunga flashi kwenye pindo la kanga.

"Ulisema mbele ya watu. Siku ukiyasema yalivyokuwa, mbele ya watu, uje uzichukue."

Nikanywa chai yake, nikataka kulipa, akakataa. Nikarudi.

Sasa SSD iko mezani. Flashi ya Windows 11 iko mezani. Hakuna kinachonizuia tena. Nawasha laptop, linakuja jina moja, nazima. Sijai-upgrade mpaka leo.

Nilichojifunza: kabla hujaifuta mashine, angalia majina yaliyomo, na ujiulize kila mmoja aliweka nini humo. Backup ya kitaalamu haihifadhi mtu. Na ukimpigia mkeo, usiseme umepiga kwa ajili ya kompyuta.

Nyie ni watu, na hapa ni mbele ya watu, kwa hiyo naanzia hapa. Nyumba ya Mtawanya tumejenga wawili. Mimi nilikuwa mbali. Aliyebeba maji, akahesabu matofali, akalala na saruji ni Atija.

Nimeandika haya nikajiona mwepesi, lakini najua yeye hayumo humu, na waliokula pilau langu hawamo.

Naombeni mawazo, hasa waliooa. Niwaalike upya wale wale nyumbani, nisimame pale pale, au nimfuate kwanza Kilambo ndipo niite watu? Maana nikiwaita yeye hayupo, nani atasikia dirishani?