Gari la Spoti Katika Njia ya Kate

Mume wangu aliondoka Sumbawanga kwenda Mbeya na lori la mahindi, akiwa ameniahidi kwamba atarudi na pikapu. Ilikuwa miaka ile biashara ya nafaka ilipofunguliwa, kila mwenye nguvu akinunua na kuuza, na madukani sabuni na khanga zilikuwa zimeanza kuonekana tena. Nilishafagia hata mahali pa kuegesha. Aliporudi, alikuwa amekaa kwenye usukani wa gari jekundu la spoti, la milango miwili, paa lake likinifika kifuani, likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori la saruji.

"Gunia utaliweka wapi?" nikamuuliza.

"Gunia litapanda lori," akajibu, huku akijifuta vumbi usoni. "Hili tutapanda sisi."

Mwenye gari alikuwa mhandisi mgeni aliyemaliza kazi yake akarudi kwao. Sijui alilitesaje, maana lilikuja na magonjwa yake yote. Starta ilikuwa imekufa, kwa hiyo tuliliegesha penye mteremko tu, na pasipo na mteremko tuliita watu. Vijana wa sokoni walituzoea. Wakituona wanapiga kelele, "Mambo, mshikaji! Leo tunasukuma mpaka wapi?" Mume wangu anacheka nao, mimi najifunika khanga uso kwa aibu. Nilinuna karibu mwezi mzima. Kisha Jumapili moja akanipeleka Mollo, vioo vyote vimeshushwa, upepo wa baridi unatupiga, watoto wanatukimbilia kando ya mashamba. Nikajikuta nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Tangu siku hiyo na mimi nikawa mgonjwa wa lile gari.

Mdogo wangu wa kike alipopata mchumba, mwalimu wa kijiji cha Kate, alitamka mapema kabisa kwamba kanisani ataenda na gari jekundu.

"Dada, nikienda na lori nitashuka na pumba kwenye shela," alisema.

Basi ndugu zetu wote walitangulia na lori siku moja kabla, na sisi watatu tukaondoka asubuhi ya harusi. Bibi harusi alikaa mbele. Mimi nilijikunja nyuma pamoja na zawadi za mama mkwe wake.

Hatujafika mbali, jiwe likagonga chini, na mara harufu ya petroli ikajaa ndani. Mume wangu akasimamisha gari kwenye mteremko, akalala chini na suti yake. Tangi lilikuwa limepata mpasuko mdogo, linadondosha.

"Nipeni sabuni ya kufulia," akaita kutoka uvunguni.

Nikafungua kapu la zawadi, nikatoa mche mmoja wa sabuni. Aliukanda ukalainika, akaupachika kwenye ule mpasuko, na petroli ikakata. Mdogo wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mkwe asijue." Tukaendelea na safari huku tukicheka.

Kilichotumaliza ni kijito. Malori yalikuwa yakivuka pale bila taabu, lakini gari letu tumbo lilikuwa karibu na ardhi. Mume wangu akaona dawa ni kupita kwa kasi. Maji yakaruka mpaka kwenye kioo, injini ikakohoa mara mbili, ikazimika katikati. Ikabidi mimi na yeye tushuke. Nilikaza khanga juu ya gauni langu, tukasukuma, na bibi harusi akashika usukani, shela limetoka dirishani linapepea. Tulipofika ng'ambo nilikuwa nimelowa hadi kiunoni. Mume wangu akafungua boneti.

"Distributa imelowa. Hapa moto hauendi kwenye plagi," akasema. "Nikiianika itakauka."

"Itakauka saa ngapi, shemeji?" mdogo wangu akauliza.

Ndipo likatokea kokoteni la ng'ombe. Juu yake walikaa mzee mmoja na mkewe, wafugaji waliohamia kwetu na mifugo yao kutoka upande wa Shinyanga. Tukawaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia, wakatushangaa kwa adabu. Mume wangu akaomba wale ng'ombe watuvute hadi Kate.

Mzee akalizunguka gari taratibu. "Mwanangu, kilima kile ni kirefu. Ng'ombe wangu watapandisha gari au watapandisha bibi harusi. Vyote viwili, hapana."

"Gari halina mchumba anayelisubiri," mdogo wangu akasema, akaanza kukusanya gauni lake.

Mama yule akavua khanga yake mpya ya begani, akaitandika kwenye mbao ili bibi harusi akae. Tukamwacha mume wangu amepiga magoti kando ya barabara, anapepea distributa kwa kofia.

Nikiri kwamba tulipokaribia kanisa nilijiuliza watu watawapokeaje yule mzee na mkewe. Siku zile wenyeji na wafugaji walikuwa wanatazamana kwa jicho la pembeni, kwa sababu ng'ombe waliingia mashambani. Mama yangu mwenyewe alikuwa amelilia ulezi wake msimu uliopita. Watu walipoona kokoteni, kwaya ikanyamaza. Kisha mama akatoka mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, akaiona ile khanga chini ya gauni jeupe. Akapiga kigelegele kirefu ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake. Wengine wakadakia. Akamshika mkono yule mama mgeni na kumkalisha benchi la mbele, kando yake.

Mume wangu alifika tukiwa kwenye chakula, wapita njia wamemsukuma mpaka likawaka, gari linanguruma vizuri, yeye ana matope hadi kwenye nyusi. Watu walimshangilia kuliko bwana harusi. Hakuthubutu kuzima injini. Mzee akaomba aonjeshwe, akaingia magoti yakigusa kidevu, wakazunguka uwanja wa kanisa mara kadhaa. Aliposhuka mkewe akamuuliza gari likoje.

"Linakwenda," mzee akajibu. "Lakini mtu unakaa kama umekaa chini."

Mama alicheka hadi akajishika mbavu. Msimu uliofuata mzee yule alileta plau na ng'ombe wake, akalima shamba la mama kabla ya mtu mwingine yeyote kijijini, na mama akampikia ugali wa ulezi na maharage. Walipokaa kula, walizungumza habari za mvua mpaka jua likaelekea kuzama.