Aliyeachwa Langoni na Jaketi la Njano

"Umesikia? Yule Tieho wako alimwacha mwenzake mlimani akaenda kunywa bia," Mamoliehi alisema, beseni la nguo kiunoni, akiwa ameegemea ukuta wa mawe uliotenganisha nyua zao. "Ndiyo maana wenzake wa pikipiki walimvua nembo yao."

"Wangu tangu lini?" Maseabata aliuliza, huku akimkaza mtoto mgongoni kwa blanketi.

"Si wewe unayempelekea uji? Na mumeo yuko mgodini. Watu wana macho, ausi, dada yangu."

"Na midomo pia wanayo, mama."

Mamoliehi akacheka. "Haya. Jumamosi wanapanda kuweka jiwe la ukumbusho la huyo marehemu, Lefa, kule juu, mwaka umetimia. Tutaona kama watamchukua huyo mtu wako." Akaenda kuanika.

Ntate Tieho, jirani wa upande wa pili aliyeitwa 'ntate' kwa heshima kama baba, alikuwa mchomeleaji vyuma, mjane, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Kila Jumamosi asubuhi aliifunua pikipiki yake nyekundu, akafuta tangi, akavaa kizibao cha ngozi. Mgongoni mwa kizibao palikuwa na duara jeusi kuliko sehemu nyingine, pale nembo ilipobanduliwa. Aliwasha injini, akakaa juu ya kiti, miguu chini, akitazama barabara. Kisha akazima. Maseabata alimwona hivyo mwaka mzima kutoka dirisha la jikoni, na kila injini ilipozimwa mtoto alishtuka usingizini, kana kwamba ukimya ndio uliopiga kelele.

Zamani uwanja wa nyumba yake ulikuwa ukijaa pikipiki. Walikuja watu wa Maseru, watu wa Leribe, hata Wasotho wa ng'ambo ya mpaka: muuguzi, dereva wa lori, polisi mmoja mnene. Walichuchumaa kuzunguka injini kama watu wanaoota moto.

"Hii yako inakohoa kama bibi yangu!"

"Bibi yako angefika Mokhotlong kabla yako wewe!"

Wakichoka kutaniana walizungumzia njia: kona ambayo maji huganda kwenye mwamba mpaka mipichi ichanue huku chini; pale ambapo mawingu yanalala chini ya magurudumu yako; wachungaji wanaokupungia fimbo halafu wanakuzomea. Maseabata alizaliwa chini ya milima ile na hakuwahi kupanda zaidi ya zahanati. Kule juu alikujua kwa kusikiliza tu, akiwa anaosha vyombo.

Ijumaa alimpelekea uji mchachu wa mtama. Akamkuta anakaza mnyororo.

"Wamekuita, ntate?"

"Bado."

Aliweka bakuli juu ya kigogo. "Watu wanasema ulikwenda kunywa."

"Afadhali ingekuwa bia." Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. "Sisi tuna sheria, Maseabata. Mkifika njia panda, anayemfuata kiongozi anasimama kwenye kona na kuonyesha njia kwa mkono. Haondoki mpaka apite mfunga msafara, yule wa mwisho kabisa. Anyeshewe, agande, haondoki. Mfunga msafara unamjua kwa jaketi la njano. Siku ile kona ilikuwa yangu. Ukungu ukashuka, hata tairi langu silioni. Zikapita taa, nyingine, nyingine, halafu likapita jaketi la njano. Nikaondoka."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Ndani ya jaketi hakuwa Lefa. Alikuwa Posholi."

Maseabata alimfahamu Posholi. Kijana mpole, mwalimu wa shule iliyo juu ya kijiji. Ilikuwa safari ya kwanza ya kijana huyo na wenzake, Ntate Tieho alieleza. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, Lefa, mfunga msafara wa siku ile, akamvulia jaketi lake, akamwambia atangulie, yeye akabaki kurekebisha breki. Lefa alipofika njia panda hakukuta mtu. Akashika njia ya kushoto, ile iliyobomolewa na mvua.

"Nilimfikia Posholi mbele kidogo. Nikaona uso wake. Nikamvua lile jaketi kabla mtu hajaliona, nikageuza. Lefa nilimpata mtoni, ameshakufa, mimi wa kwanza. Nikamfunika nalo. Wenzangu walipofika nikawaambia baridi ilinishinda, niliondoka kwenye kona."

"Ntate! Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba lile joto alilopewa kijana ndilo lililomuua Lefa? Halafu macho ni yangu. Nilitazama nguo, sikutazama mtu." Akashika bakuli la uji, hakunywa. "Siku ile Posholi hakujua jaketi lile lina kazi gani. Sasa anajua. Mwaka huu ndiye mfunga msafara, wamempa jaketi jipya. Mfunga msafara haruhusiwi kumwacha mtu aliyesimama barabarani na pikipiki yake. Kesho nitasimama langoni."

"Aseme ukweli?"

"Asiseme kitu. Asimame tu."

Asubuhi ilikuwa na baridi ya kuuma meno. Maseabata alitoka na mtoto, akasimama ukutani. Ntate Tieho alikuwa langoni na helmeti kwapani, pikipiki inaunguruma pembeni yake. Akanyoosha mkono kuelekea mlimani, kama mtu aliye kwenye kona.

Walikuja wakifuatana, taa zimewaka. Polisi mnene alitazama mbele. Muuguzi alitazama mbele. Hakuna aliyepiga honi. Mkono wa Ntate Tieho haukushuka.

Mwishoni likaja jaketi la njano. Likapunguza mwendo. Maseabata aliona mguu wa Posholi ukishuka, soli ikigusa changarawe. Aliona macho ya yule kijana ndani ya helmeti, mekundu, yakitazama ule mkono ulionyooshwa.

Posholi akashusha kioo cha helmeti usoni. Akapandisha mguu, akaondoka.

"Mbona anakimbia!" Mamoliehi aliropoka kutoka uani kwake.

Mlio wa pikipiki ulipanda, kona baada ya kona, ukazidi kuwa mdogo. Mkono ulibaki umenyooka muda mrefu baada ya hapo. Maseabata akaenda, akaushika kwenye kiwiko, akaushusha kama mtu anayemvisha mtoto. Ulikuwa mgumu, baridi. Juu ya mlima, ukungu ulikuwa umeanza kushuka.

Ntate Tieho akazima injini, akachomoa ufunguo, akamtia mkononi.

"Huu ukae kwako. Hata nikiomba, usinipe." Hakumtazama, alikuwa akitazama ule ukungu. "Na jioni wakirudi, usimame hapa badala yangu, Maseabata. Mimi macho yangu siyaamini tena. Akipita wa mwisho, mtazame usoni. Usitazame jaketi, mtazame usoni, mpaka uwe na hakika ni Posholi mwenyewe. Kisha uje uniambie."