Mwalimu Aliyewashindia Makaburu Vita

Jirani yangu wa Goba, mwalimu mstaafu wa historia, alikuwa ameshawashindia Makaburu vile vita vyao na Waingereza mara nyingi sana. Kila Jumapili akitoka kanisani, tai bado shingoni, huja kuketi kibarazani kwangu.

"Walikosea mwanzoni kabisa," husema. "Farasi wanao, bunduki nzuri wanazo, Waingereza bado wachache. Badala ya kukimbilia Durban waifunge bandari, wakaenda kukaa nje ya vijimiji, eti wanavizingira! Wangefika baharini, Mwingereza angeteremkia wapi?"

Namwongezea chai.

Mwaka juzi tajiri mmoja akanunua kiwanja hapo chini, akaanza kujenga ukuta katikati ya njia yetu ya kushukia barabarani. Wakazi tukakutana, tukamchagua Mwalimu mwenyekiti. Nani mwingine, na jenerali tunaye?

"Twende serikali ya mtaa leo hii," nikasema, "kabla hajapandisha tofali."

"Tulia. Kwanza tumbane."

Tukabeba viti vya plastiki, tukaketi mbele ya geti la tajiri siku tatu, Mwalimu akitueleza makosa ya Makaburu. Mama mmoja Mzaramo, muuza maandazi ambaye wazee wake walikilima kilima hicho kabla yetu sote, alisikiliza mpaka akachoka.

"Samahani, Mwalimu. Hao wawili waligombea nchi ya nani?"

"Ya... Waafrika wenyewe."

"Sasa Makaburu wangefika huko Durban, sie tungepata nini?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta. "Swali zuri," akasema, na sote tuliowahi kusoma tukajua hana jibu.

Siku ya nne tukasikia mashine ya zege. Kumbe malori yalikuwa yanaingilia nyuma, kwa barabara ya juu, na ukuta umeshafika kifuani. Tulipofika ofisi ya mtaa, tajiri alikuwa ametutangulia kwa siku mbili. Karatasi zake zilikuwa na mihuri mpaka pembeni.

Siku hizi tunapita uani kwa yule mama, katikati ya majiko. Hamzuii mtu, ila umwamkie vizuri. Wiki iliyopita nilimkuta Mwalimu hapo, kakalia kigoda, daftari mapajani.

"Babu yako alilima nini hapa?"

"Mihogo. Na usogee, Mwalimu, unanikingia moto."

Akasogea, akaandika.